Fumbo la makundi: lini uchore jedwali, lini uliache

Mpe mtu fumbo la mantiki lenye watu sita, makundi matatu na masharti manne, kisha tazama mkono wake. Wengi huanza kupiga mistari kabla hawajamaliza kusoma: majina kushoto, makundi juu, visanduku katikati. Baada ya dakika tano visanduku vimejaa alama za kosa, jibu halijajitokeza, naye anaanza kuamini kwamba mambo ya mantiki hayakuumbiwa yeye. Anajionea bure. Mara nyingi fikra zake ziko sawa kabisa; karatasi ndiyo inayomkwamisha, kwa sababu amechora umbo lisilolingana na fumbo lililo mbele yake. Kosa la upande wa pili lipo pia: kuna anayeogopa jedwali, akabeba kila kitu kichwani, kisha akazama katika fumbo ambalo jedwali lingelimaliza upesi.

Uamuzi wa kuchora au kutochora jedwali hufanywa mapema, na ukifanywa vibaya, bidii yote inayofuata hailipi. Ndiyo maana nataka tuutazame uamuzi huu peke yake.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Fumbo la makundi hukupa orodha ya watu au vitu, orodha ya makundi, na masharti yanayosema nani anaweza kukaa wapi na pamoja na nani. Halikuulizi nani wa kwanza na nani wa mwisho. Mambo ya foleni na ratiba ni ukoo mwingine wa mafumbo, nao una mchoro wake.

Kwa miaka mingi mahali ambapo mafumbo haya yalichukuliwa kwa uzito kuliko popote ni kwenye LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada, ulioanza kutolewa mwaka 1948. Sehemu yake moja ilikuwa na mafumbo manne yenye maswali 22 hadi 24 kwa jumla, na mtahiniwa alipewa dakika 35. Hiyo ni chini ya dakika tisa kwa fumbo, kusoma na kuchora humo humo. Kuchora kulikuwa nguzo ya sehemu hiyo kiasi kwamba watahiniwa wasioona walikwenda mahakamani: walisema mtihani unadai michoro ambayo wao hawawezi kuichora, kwa hiyo hauwapimi kwa haki. Mwaka 2019 kesi ikaisha kwa makubaliano, na kuanzia Agosti 2024 sehemu hiyo haimo tena katika mtihani. Madai yao yanaonyesha ukubwa wa jambo hili. Mchoro ulikuwa ndio kazi yenyewe, wala haukuwa pambo la kusaidia kufikiri.

Mafumbo yenyewe yangali hai, katika vitabu, magazeti, programu za simu na majaribio ya usaili wa kazi. Na nje ya burudani, mwalimu mkuu anayegawa masomo kwa walimu, au muuguzi anayepanga zamu za wodi, anafumbua fumbo la makundi kila muhula au kila wiki, awe analiita hivyo au la.

Swali la kuuliza kabla ya kuchora

Ushauri unaosikika sana ni kwamba jedwali linafaa pale mambo yanapokuwa mengi. Sikubaliani nao. Wingi wa majina haukuambii lolote: watu kumi na wawili wanaweza kugawanywa bila jedwali, na watu watano wakalihitaji. Kinachoamua ni swali hili: nikimweka mtu huyu katika kundi moja, je, nimemfungia makundi mengine?

Jibu likiwa ndiyo, yaani kila mtu ana nafasi moja tu, jedwali kwa kawaida ni mzigo. Jibu likiwa hapana, yaani mtu anaweza kuwa katika kundi moja, mawili au yote, jedwali karibu kila mara ndilo mchoro sahihi.

Chukua mfano wa kwanza. Watoto sita, Rajabu, Salma, Tatu, Upendo, Vumi na Zena, wanavuka mkono wa bahari kwa mitumbwi mitatu: wa bluu, wa kijani na mwekundu. Kila mtumbwi unabeba wawili. Rajabu na Salma wako pamoja. Tatu na Upendo hawako pamoja. Vumi yuko katika mtumbwi wa kijani.

Ukichora jedwali hapa utapata visanduku 18, na ukilimaliza, 12 kati yake vitakuwa na alama ya kosa. Alama hizo 12 hazikuongezei kitu, kwa sababu ukijua Vumi yuko kijani umeshajua hayuko bluu wala mwekundu. Hilo bado ni dogo. Kubwa zaidi ni kwamba sharti zito kuliko yote, kwamba Rajabu na Salma wako pamoja, halina pa kuandikwa. Jedwali linataka anwani: nani, kundi gani. Sharti hili lina watu bila mahali. Utaliandika pembeni, na kitu kilichoandikwa pembeni ndicho macho huruka wakati wa haraka.

Sasa chora safu tatu tupu, kila moja na nafasi mbili, ukimweka Vumi kwenye kijani. Rajabu na Salma ni jozi. Jozi inahitaji mtumbwi mzima. Kijani kimebakiwa na nafasi moja. Kwa hiyo jozi hiyo iko bluu au mwekundu, basi. Wamebaki Tatu, Upendo na Zena: mmoja wao atakaa na Vumi, wawili watachukua mtumbwi uliosalia. Wawili hao hawawezi kuwa Tatu na Upendo. Kwa hiyo Zena lazima awe mmoja wao, maana yake Zena hawezi kamwe kupanda na Vumi. Hakuna sharti lililomtaja Zena, lakini yeye ndiye aliyefungwa zaidi ya wenzake wawili. Majibu yote yanayowezekana ni manne tu, na unaweza kuyachora yote kwa michoro miwili midogo: mmoja jozi ikiwa bluu, mwingine ikiwa mwekundu.

Kilicholeta uvumbuzi huo ni nafasi tupu zinazohesabika. Macho yaliona "imebaki moja" na akili ikafuata. Jedwali halionyeshi nafasi zilizobaki. Linaonyesha uhusiano wa mtu na kundi, visanduku vyote vikiwa na uzito sawa.

Pale jedwali linapostahili

Mfano wa pili unaonekana mwepesi zaidi kwa idadi, lakini ni mzito mara nyingi zaidi. Mama lishe watano, Asha, Bahati, Chiku, Dina na Eva, wanapika katika soko moja. Kila mmoja anapika chakula kimoja au zaidi kati ya vinne: wali, ugali, chapati na ndizi. Tunaambiwa hivi:

Asha anapika vyakula vitatu kamili.
Hakuna chakula ambacho Asha na Bahati wote wanakipika.
Hakuna chakula ambacho Bahati na Dina wote wanakipika.
Chapati inapikwa na wanne kamili.
Ndizi inapikwa na mmoja tu.
Kila anayepika ugali anapika na wali.
Chiku anapika vyakula vingi kuliko Dina.

Maneno "kimoja au zaidi" ndiyo yanayoamua. Kujua kwamba Eva anapika chapati hakukuambii lolote kuhusu wali wake. Kila kisanduku ni swali linalojitegemea, nayo yapo maswali 20. Kabla ya masharti, kila mama lishe ana njia 15 za kuchagua vyakula vyake, kwa hiyo watano kwa pamoja wana njia 759,375. Linganisha na watoto wa mitumbwi: kabla ya masharti walikuwa na njia 90 tu za kugawanyika wawili wawili. Hakuna kichwa kinachoweza kubeba laki saba na nusu za uwezekano, na hakuna safu za nafasi utakazochora, kwa kuwa hujui kila safu iwe na nafasi ngapi.

Chora majina kushoto, kila jina na mstari wake. Vyakula juu, kila kimoja na safu yake. Kisha acha nafasi ya jumla mwishoni mwa kila mstari na chini ya kila safu. Nafasi hizo za jumla watu wengi huzisahau, nazo ndizo zinazolipa kazi ya kuchora. Andika 3 mbele ya Asha, 4 chini ya chapati, 1 chini ya ndizi.

Twende polepole. Asha ana vitatu, na Bahati hagusi chakula chochote cha Asha. Bahati amebakiwa na kimoja, na kwa kuwa lazima apike angalau kimoja, anapika kimoja kamili: kile hasa ambacho Asha hapiki. Kwa hiyo katika kila safu, mmoja wao yupo na mwenzake hayupo. Hii inafungua safu mbili kwa mpigo. Kwenye chapati wanatakiwa wanne kati ya watano. Mmoja wa Asha na Bahati tayari yuko nje. Basi Chiku, Dina na Eva wote wako ndani. Kwenye ndizi anatakiwa mmoja tu, na mmoja wa Asha na Bahati tayari yuko ndani. Basi Chiku, Dina na Eva wote wako nje. Visanduku sita vimejazwa, na bado hatujajua Asha anapika nini.

Dina anapika chapati, na Bahati hashiriki chakula na Dina, kwa hiyo Bahati hapiki chapati. Kwa hiyo Asha anaipika. Bahati amebakiwa na wali, ugali au ndizi. Ugali peke yake hauwezekani, kwa sababu anayepika ugali lazima apike na wali, na Bahati ana chakula kimoja. Je, wali? Bahati akipika wali, Asha hapiki wali, kwa hiyo vitatu vyake vinakuwa ugali, chapati na ndizi. Hapo atakuwa anapika ugali bila wali. Haiwezekani. Basi Bahati anapika ndizi, na Asha wali, ugali na chapati. Mistari miwili imefungwa.

Chiku ana chapati na hana ndizi. Lazima amzidi Dina, na Dina ana angalau kimoja, kwa hiyo Chiku ana viwili au vitatu. Viwili vyake haviwezi kuwa chapati na ugali. Kwa vyovyote vile, Chiku anapika wali. Dina naye hawezi kufika vitatu, maana Chiku hawezi kumzidi mwenye vitatu wakati yeye mwenyewe hana ndizi. Na kama Dina angepika ugali angelazimika kuongeza wali juu ya chapati, akafika vitatu. Kwa hiyo Dina hapiki ugali.

| | Wali | Ugali | Chapati | Ndizi | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| Asha | ✓ | ✓ | ✓ | ✗ | 3 |
| Bahati | ✗ | ✗ | ✗ | ✓ | 1 |
| Chiku | ✓ | | ✓ | ✗ | 2 au 3 |
| Dina | | ✗ | ✓ | ✗ | 1 au 2 |
| Eva | | | ✓ | ✗ | 1, 2 au 3 |
| Jumla | | | 4 | 1 | |

Visanduku 16 kati ya 20 vimejaa, na katika zile njia 759,375 zimebaki tisa. Tazama ni nini kilichofanya kazi hiyo. Sharti la Asha lilisomwa kwa mlalo. Masharti ya chapati na ndizi yalisomwa kwa wima. Yale ya kutoshiriki chakula yalisomwa kwa kulinganisha mistari miwili, na lile la ugali na wali kwa kulinganisha safu mbili. Masharti yote saba yana mahali pake kwenye karatasi, na uvumbuzi ulitokea pale mlalo na wima vilipokutana. Jedwali linawekwa kwa ajili ya makutano hayo. Ikiwa masharti yako yanasomeka upande mmoja tu, jedwali halina kitu cha kukukutanishia.

Hivyo basi, ukishajibu swali la kwanza, angalia na namna masharti yanavyozungumza. Maneno kama "wanne kamili", "mmoja tu", "vingi kuliko", "hawana cha pamoja", "kila anayefanya hiki anafanya na kile" ni dalili nzuri ya jedwali, kwa sababu yote yanahesabu au kulinganisha mistari na safu.

Kisanduku kitupu nacho kinasema

Kuna jambo kuhusu jedwali ambalo naliona muhimu kuliko ufundi wote wa kuchora. Kisanduku kina hali tatu. Kina alama ya vema, au alama ya kosa, au kitupu. Kitupu maana yake bado sijui. Anayeweka vema tu na kuacha kosa bila kuandikwa amevuruga hali mbili kuwa moja: akitazama kisanduku kitupu hawezi kujua kama alishathibitisha kwamba haiwezekani, au hajafika hapo. Atafanya kazi ile ile mara mbili, au vibaya zaidi, ataweka vema mahali alipokuwa amekwisha kukataza. Katika fumbo la mama lishe alama za kosa ni nane, na bila zile za safu ya ndizi tusingemfikisha Chiku kwenye wali.

Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati wa Oxford ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la Lewis Carroll, alilielewa hili vizuri. Katika miaka ya 1880 alitunga mchezo wa mantiki wenye ubao wa vyumba na vidonge vya rangi mbili. Kidonge chekundu katika chumba kilimaanisha kipo kitu humo. Cha kijivu kilimaanisha hamna kitu. Na chumba kisicho na kidonge kilimaanisha hatujaambiwa. Aliwatungia watoto, lakini angeweza kuwatungia mawakili.

Faida ya visanduku vitupu inaonekana hasa maswali ya "ikiwa" yanapofika. Tuseme swali linasema: ikiwa Dina anapika wali, nini lazima kiwe kweli? Huna haja ya kuanza upya wala kufuta. Macho yanakwenda moja kwa moja kwenye vile vitupu vinne. Dina sasa ana viwili, Chiku lazima awe na vitatu, kwa hiyo Chiku anapika ugali. Eva anabaki kama alivyokuwa. Ziandike alama hizo za muda pembeni, au kwa penseli hafifu, kwa sababu swali linalofuata litakuja na "ikiwa" yake.

Fumbo linalofanana na jedwali lakini si lake

Aina ya tatu huwapoteza hata wazoefu. Kutoka kwa watu saba, Juma, Kassim, Latifa, Maua, Neema, Omari na Pendo, wachaguliwe wajumbe wa safari, idadi haikutajwa. Juma akienda, Kassim haendi. Kassim asipokwenda, Latifa anakwenda. Latifa akienda, Maua haendi. Neema akienda, Maua anakwenda.

Mtu anaweza kusema hapa kuna makundi mawili, wanaokwenda na wanaobaki, kwa hiyo tuchore jedwali. Jaribu: utapata mistari saba na safu mbili, na hutaweza kuandika alama hata moja. Hakuna sharti linalosema jambo la hakika kuhusu mtu yeyote. Yote yanaanza na "akienda" au "asipokwenda". Masharti ya namna hii huandikwa kwa mishale, kisha huunganishwa: Juma ndani → Kassim nje → Latifa ndani → Maua nje → Neema nje. Geuza mnyororo mzima na ukanushe kila kiungo: Neema ndani → Maua ndani → Latifa nje → Kassim ndani → Juma nje. Omari na Pendo hawatajwi popote, wako huru.

Mistari miwili ya mishale imebeba fumbo lote. Tunaona papo hapo kwamba Juma na Neema hawawezi kusafiri pamoja, jambo ambalo hakuna sharti lililolisema. Wajumbe wengi zaidi wanaowezekana ni watano: Kassim, Maua, Neema, Omari na Pendo. Angalia pia tofauti ambayo wengi huikosa. "Juma akienda, Kassim haendi" inakataza wote wawili kwenda, lakini inaruhusu wote wawili kubaki. "Kassim asipokwenda, Latifa anakwenda" ni kinyume chake: inakataza wote wawili kubaki, na inaruhusu wote wawili kwenda. Neno "haendi" likiwa nyuma ya mshale, au likiwa mbele yake, linabadilisha maana kabisa, nalo jedwali halina namna ya kuonyesha tofauti hiyo.

Kwa hiyo masharti yakiwa mengi ya "akifanya hivi, basi", na machache ya hesabu, nenda kwenye mishale. Sharti moja la namna hiyo, kama lile la ugali na wali, linavumilika ndani ya jedwali. Yakitawala, liache jedwali.

Jedwali gani, na la ukubwa gani

Nimesema mwenye nafasi moja hahitaji jedwali. Upo ubaguzi mmoja wa kweli. Katika yale mafumbo ya kuoanisha, mathalani watu wanne, kazi nne na miji minne, kila mtu ana kazi moja na mji mmoja, na madokezo mengi ni ya kukataa: mvuvi si wa Tanga, Salma si mshonaji, mtu wa Mtwara si mwalimu. Hapa jedwali la kuondoa linafaa sana, kwa sababu maarifa yanakuja kama alama za kosa. Katika gridi ya wanne kwa wanne, alama moja ya vema inazaa makosa sita bila gharama, matatu kwa mlalo na matatu kwa wima. Na makosa matatu katika mstari mmoja yanazaa vema. Mzunguko huo unajiendesha wenyewe.

Lakini ubaguzi huo una mpaka wake. Fumbo maarufu la pundamilia, lililochapishwa katika jarida la Life International mwezi Desemba 1962, lina nyumba tano zilizopangwa mstari mmoja. Kila nyumba ina rangi yake, mkazi wa taifa lake, kinywaji, sigara na mnyama, na baadhi ya madokezo yake ni ya ujirani: mvutaji wa sigara fulani anaishi jirani na mwenye mbweha, nyumba ya kijani iko mara tu kulia kwa ile ya rangi ya pembe za ndovu. Mipangilio inayowezekana kabla ya madokezo inazidi bilioni 24. Ukichora gridi kamili ya kuondoa, ukaoanisha kila aina na kila aina, nafasi za nyumba zikiwemo, utapata gridi 15 zenye visanduku 375, na neno "jirani" bado halitakuwa na pa kukaa. Ukichora nyumba tano kama safu na zile sifa tano kama mistari, una visanduku 25, na ujirani unaonekana kwa macho kwa sababu safu ziko jirani kweli. Madokezo yakitaja mahali, acha mahali pawe juu ya jedwali.

Kanuni hiyo inasaidia hata kwenye jedwali la kawaida. Juu weka kile kisichobadilika na ambacho masharti yanakirejea mara kwa mara. Kushoto weka wale wanaochagua. Ukigundua kwamba unaandika masharti mengi pembeni kuliko ndani, geuza pande, au jiulize tena kama jedwali lilistahili.

Kisanduku pia si lazima kibebe vema au kosa tu. Fikiria kijiji chenye kamati tatu, ya maji, ya shule na ya zahanati. Mtu anaweza kuwa katika kamati zaidi ya moja, na kila kamati ina mwenyekiti mmoja na katibu mmoja. Wengi wakikutana na fumbo hili huchora majedwali mawili, moja la uanachama na jingine la vyeo, kisha wanashindwa kuyaoanisha. Moja linatosha: M kwa mwenyekiti, K kwa katibu, vema kwa mjumbe wa kawaida, kosa kwa asiyekuwemo. Sharti kwamba hakuna mtu mwenye vyeo viwili linasomwa kwa mlalo: herufi isizidi moja kwa kila mstari. Sharti la mwenyekiti mmoja linasomwa kwa wima: M moja tu kwa kila safu. Lakini likiongezwa sharti kwamba kila mtu ni wa kamati moja tu, umbo zima linabadilika. Hapo futa jedwali, chora safu tatu, weka mwenyekiti juu, katibu chini yake na wajumbe chini yao, kisha uanze kuhesabu nafasi zilizobaki.